Yule Raymundi wa Kwenye Kompyuta

Nilikufa siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni na sahani mkononi, na mke wangu Tekla akashuhudia mwanzo mpaka mwisho. Kabla hujaanza kunipa pole, nieleze: aliyekufa ni yule Raymundi wa kwenye kompyuta. Mimi mwenyewe nilikuwa sebuleni kwangu hapa Tura, miwani puani, natafuna matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, na moyo wangu mbovu unapiga taratibu kama kawaida yake.

Mchezo ule alituletea binti yetu Adelina, anayefundisha kompyuta sekondari mjini Tabora. Nilipostaafu ustesheni masta alihofia nitamsumbua mama yake kwa kumkagulia jiko kama nilivyokuwa nikikagua mabehewa, na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza. Akaninunulia kompyuta ya mtumba, akaniwekea mchezo wa maisha. Unaumba watu, unawajengea nyumba, wanapika, wanakwenda kazini, wanazaa, wanazeeka, wanakufa. Hakuna bunduki wala kufukuzana na magari. Watu wanaishi tu. Nilidhani ni mambo ya watoto. Wiki mbili baadaye Tekla alikuwa akiniita mara tatu ndipo niende kula.

Adelina alituumba sisi wenyewe. Mimi akaniwekea upara, jambo ambalo halikuwa la lazima. Mama yake akamvika gauni refu, kwa sababu mchezo ule haujui kanga ni nini. Familia hiyo tukawa tunailea kwa zamu, wiki moja mimi, wiki moja Adelina. Mtandao wa Tura ni wa kubahatisha, kwa hiyo mchezo ukihifadhiwa unawekwa kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, na bahasha anaibeba Eustace, mhudumu wa behewa la chakula, treni ikipita. Sheria niliweka mimi, na ni ya reli. Kwenye njia moja dereva haingii mpaka akabidhiwe tokeni, kile chuma cha ruhusa, na tokeni ni moja tu. Mwenye flashi ndiye mwenye familia. Asiye nayo asiguse.

Sheria ya pili ilikuwa: hakuna modi. Modi ni vijiprogramu wanavyoandika watu wa pembeni, si waliotengeneza mchezo, ili ufanye mambo ambayo haukupangiwa.

"Baba, kuna modi ya kanga," Adelina aliniambia kwenye simu. "Mama angependeza. Kuna hata ya mizinga ya nyuki."

"Leo kanga, kesho utaniletea mvua inayonyesha ukiitaka. Wenye mchezo wameweka utaratibu. Tuufuate."

"Kila mtu anatumia, baba."

"Kila mtu si mimi."

Miaka thelathini na nne nimeinua bendera ya kijani pale tu ilipostahili kuinuliwa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumbadilisha kwa kanga.

Sasa, mwezi wa nne nilianguka. Mara ya kwanza shambani kwenye karanga, nikasingizia jua. Mara ya pili kanisani, wakati wa kutoa sadaka, na hapo sikuwa na wa kumsingizia. Daktari wa Tabora akanipima, akasema moyo unapiga polepole mno, tena mara nyingine unaruka zamu yake. Akaniandikia barua ya rufaa kwenda Dodoma, nikapasuliwe kidogo hapa kifuani, niwekewe kifaa chini ya ngozi cha kuushtua moyo unapozembea. Watu wanakiita betri.

"Sitaki betri," nikawaambia. "Mimi si redio."

Barua nikaiweka kabatini. Adelina akaja juu.

"Hiyo miwani ulizaliwa nayo? Na hilo jino la mbele?"

Alinipata, maana jino la mbele ni la bandia na nililiweka kwa hiari yangu ili nisitie aibu kwenye picha za kipaimara chake. Kisha nikamjibu kwamba jino haliko moyoni. Moyo Mungu aliuweka na utaratibu wake, ukichoka umechoka. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye imani. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa ile meza, na kulazwa usingizi nisioujua nitauamkia wapi. Hilo sikumwambia mtu yeyote.

Basi ile Alhamisi haikuwa hata siku yangu. Zamu yangu huanza Jumamosi, lakini bahasha ilikuwa imefika tangu jana yake, na Tekla, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kuujali mchezo huo, alivuta kigoda akakaa karibu yangu na ungo wa karanga za kumenya.

"Hebu na mimi nijione," akasema.

Nikafungua. Nikamwonyesha: huyu ni wewe, unamwagilia maua. Akacheka, akasema yeye hajawahi kumwagilia ua wakati mchicha unakauka. Nikamwonyesha mimi niko jikoni. Nikashangaa kidogo kuona mstari wa umri wa Raymundi umejaa pomoni, na bado yuko hai. Kwa hesabu zangu alikuwa afe katika zamu ya Adelina, na nilikuwa nimejiandaa kupewa taarifa. Kabla sijamaliza kushangaa, mzee akayumba, sahani ikamponyoka, akaenda chini. Yakatokea maandishi ya Kiingereza, kwamba Raymundi amefariki kwa uzee.

Tekla akacheka tena. "Umekufa, Baba Adelina! Umekufa na ugali wako!"

Nami nikacheka. Halafu yule Tekla wa ndani akaingia kutoka bustanini, akaona, akajishika kichwa akalia. Mchezo huwa hauna maneno, wanatoa sauti tu, lakini kilio kile kilieleweka. Akalia kwa muda. Kisha akaokota vipande vya sahani, akavitupa, akaenda kukaa kwenye kiti peke yake.

"Wenzake wako wapi?" Tekla wangu akauliza.

"Wenzake gani?"

"Wa msiba. Nani anamkokea moto? Nani analala naye chini?"

"Mchezo hauna msiba, Mama Adelina. Hawakuuweka."

"Anakaa tu hivyo?"

"Anakaa tu hivyo."

Nikataka kubonyeza saa iende mbio, siku zile za majonzi zipite, kama ninavyofanyaga. Akanishika mkono.

"Usimkimbize. Acha nimwone."

Tukamwangalia. Ilipofika saa ya chakula, Tekla wa kwenye kompyuta aliamka akapika. Akapakua sahani mbili, kwa kuwa mwaka mzima mimi ndiye niliyemzoesha kupakua mbili. Akala ya kwake. Ya pili ikabaki mezani mpaka ikaanza kutoa alama za kuoza, akaja akaimwaga. Jioni yake, sahani mbili tena. Karanga kwenye ungo hazikuwa zinamenywa. Tekla wangu akainuka, akatoka nje.

Nikafunga mchezo bila kuhifadhi. Ukifanya hivyo, kila kitu kinarudi kama kilivyotoka Tabora, mzee yuko hai na sahani yake. Nikampigia Adelina.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekufa."

"Eh?"

"Kwenye mchezo. Mstari umejaa, mtu bado hai, nimefungua tu na ameanguka. Ulikuwa unamfanyia nini huko?"

Nikamsikia analia, binti yangu wa miaka thelathini na moja, katikati ya kazi.

"Nilimwekea modi, baba. Ya kuzuia kufa. Iko kwenye kompyuta yangu, haisafiri na flashi. Bahasha nilikutumia kwa sababu zamu ni yako, ningeichelewesha ungeuliza. Nilipanga kuja kesho niiweke na kwenye ya kwako kabla ya Jumamosi, usijue."

Nilitaka kufoka. Midomo ilikuwa tayari. Sheria ni mbili tu katika familia hii na moja ameivunja mwalimu mzima.

"Kwa nini, Adelina?"

"Niliona wewe umegoma kwenda Dodoma. Nikasema basi angalau huyu."

Nikatazama ukutani, picha ya kipaimara, mtoto mwenye shela na mimi na jino langu.

"Nitakurudishia flashi, modi uitoe," nikasema mwishowe.

"Afe?"

"Yule afe. Amekula umri wake wote, usimshike. Lakini kabla hajafa, tafuta jirani umhamishie mle ndani, akae na mama. Wawili, kama nyumba inatosha."

"Sawa, baba." Akavuta pumzi. "Na wewe?"

Nikamwambia mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na neno.

Tekla nilimkuta nyuma ya nyumba, amesimama kwenye kamba ya nguo, ameshika shati langu ambalo lilikuwa limekauka tangu jana. Hakuwa anaanua. Alikuwa amelishika tu.

"Ile barua ya Dodoma," akasema bila kugeuka, "uliijadili na nani?"

"Na Adelina."

"Na nani mwingine?"

"Daktari. Na padri kidogo."

"Na mimi?"

Nikafikiri. Nilikumbuka nimeingia jikoni nikamwambia, nimekataa, yeye akaendelea kusonga ugali. Nilikumbuka nimemshukuru Mungu kwa mke asiye na kelele.

"Nilikuambia," nikasema.

"Uliniambia. Hukuniuliza." Sasa akageuka. Macho yalikuwa mekundu, na hasira aliyokuwa nayo sikuijua, na nimekaa naye miaka thelathini na tatu. "Unasema moyo ni wako, ukichoka umechoka. Wewe utakuwa umelala. Mimi ndiye nitakayepakua sahani mbili. Nimengoja tangu mwezi wa nne uniulize, Raymundi. Kila usiku nasikiliza unavyopumua, nahesabu, nasema kesho ataniuliza."

Hakuwahi kuniita Raymundi tangu Adelina azaliwe.

Niliona haya. Nasema wazi: niliona haya kuliko siku niliyoanguka mbele ya kapu la sadaka. Nilikuwa nimeulinda utaratibu wa kila kitu, hata wa watu wa kwenye kioo, na huyu aliyekuwa akihesabu pumzi zangu sikuwahi kumpa nafasi ya kusema neno moja.

"Nakuuliza sasa," nikasema. "Wewe unataka nini?"

"Uende wakuwekee hicho kifaa."

Alijibu haraka, kama mtu aliyekaa na jibu mdomoni muda mrefu. Nikatikisa kichwa, si kwa kukataa. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Stesheni masta hasemi maneno kama yale niliyotaka kuyasema, wala baba yangu sikuwahi kumsikia akiyasema.

"Mama Adelina, mimi naogopa."

Akaweka shati begani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, bado ina maganda ya karanga.

"Na mimi naogopa," akasema. "Twende tukaogope wote."