Kithitu Chenye Kioo

Muthoka hakuwa na mke, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na shamba wala ng'ombe. Asubuhi ile, katika kibanda chake cha kutengeneza redio sokoni Ekalakala, hakuwa pia na bisibisi ndogo ya kutosha, wala kalamu ya plastiki ya kugusia kioo, wala muda. Alichokuwa nacho ni kompyuta ya mkononi iliyozimika kabla simu za mkononi hazijafika kijijini kwao Ndithini, na dada yake Kamanthe, aliyelala juu ya magunia nyuma ya meza, mkono wake umevunjika.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya marehemu mume wa Kamanthe, Mbithi. Aliachiwa na watafiti waliowahi kumwajiri kuhesabu mifugo wagonjwa. Kwa kuogopa wezi, Mbithi aliifunga katika ngozi ya mbuzi, akaining'iniza ghalani na kutangaza kuwa ni kithitu, kile kiapo cha Wakamba ambacho mtu akikigusa bila haki hufa, na watoto wake humfuata. Hakuna mwizi aliyesogea. Mbithi aliucheka ujanja wake mpaka akazikwa nao.

Kisha jirani yao, Munyao, akafiwa na watoto wawili kwa homa, mmoja baada ya mwingine. Jumapili, watu walipotoka ibadani, alikuja na vijana wa ukoo, akidai kithitu cha Kamanthe ndicho kilichowala. Walimpiga Kamanthe rungu, mfupa ukalia. Walikata mbuzi wake shingo na kuvirusha vichwa mlangoni, kisha wakatia ghala moto. Kamanthe akaingia kwenye moshi na kuutoa mzigo ule wa ngozi kwa mkono uliobaki, maana ndio ukumbusho pekee wa mumewe. Hilo likamharibia zaidi.

"Mmeona?" Munyao alipiga kelele. "Anakishika na hakimdhuru! Ni chake!"

Ukoo ukamwandikia barua: ahame kabla ya Jumamosi, la sivyo atachomwa pamoja na kitu chake.

"Ni mashine," Muthoka aliwaambia wazee.

"Basi ifanye iongee mbele yetu," akajibu Mzee Maundu, mkuu wa ukoo.

Muthoka aliifungua. Mahali pa betri palikuwa na kutu ya kijani. Aliisugua kwa maji ya ndimu na mswaki, akaunga waya uliokatika, akatia betri mbili nyembamba alizotoa kwenye rimoti ya televisheni ya mteja. Kimya. Nyuma kulikuwa na tundu dogo la kuiwashia upya. Akalichoma kwa mwiba. Kioo kikawa kijivu, kikalia kama kifaranga, kikaonyesha alama ya msalaba. Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza: gusa hapa.

Jumamosi walikusanyika penye majivu ya ghala. Wengi walikuwa na panga.

"Inataka iguswe ndipo iendelee," Muthoka alisema akiinyanyua.

"Gusa wewe basi, si ni yenu?" kijana mmoja alidakia. Wengine wakacheka, lakini walirudi nyuma.

"Wao haiwezi kuwala," Munyao alisema. "Aguse mtu mwingine tuone."

Hakuna aliyetoka. Ndipo Mumbua, mke wa Munyao, akapita katikati ya wanaume na kumpokonya Muthoka mwiba.

"Mumbua! Rudi hapa!" mumewe alifoka.

"Watoto wameshakwisha. Ikinitaka, inimalize."

Akaichoma alama. Tik. Alama ikahamia pembe nyingine, naye akaifuata. Tik. Kioo kikabadilika. Mumbua, aliyefika darasa la nane, alisoma polepole.

"Inaniuliza leo ni tarehe gani." Akamgeukia mumewe. "Munyao, umevunja mkono wa mama huyu, mwaitu wetu, kwa sababu ya kitu kisichojua hata tarehe. Tuliwachelewesha watoto hospitali tukitafuta nani wa kulaumu. Mimi na wewe."

Munyao alilia kama fahali aliyechomwa mkuki na kuinua panga juu ya mashine. Muthoka aliikinga kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vilianguka kwenye majivu, na kioo kikapasuka vipande.

Vijana wale wale waliochoma ghala sasa walimrukia Munyao. Walimpiga mateke ya mbavu, wakamponda mdomo kwa jiwe. Damu ikarukia viatu vile vile walivyovaa kanisani Jumapili. Kamanthe alijisukuma katikati yao, mkono wake umefungwa kwa leso, akasimama juu ya mtu aliyemvunja.

"Muueni basi! Kesho mtasema kithitu kimemla, na mtarudi kwangu."

Mawe yakaanguka moja moja kutoka mikononi mwao.

Wiki iliyofuata, Muthoka aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda upande, huku Kamanthe akisema maneno:

"Kwa wazee wa ukoo. Nimepata barua yenu. Sihami. Ghala langu mtalijenga kabla ya mvua."

"Niongeze salamu?" Muthoka aliuliza.

"Za nini?"

Kamanthe aliilamba bahasha, akaikandamiza kwa kiganja chake kizima mpaka ikashika, akampa Mumbua, aliyekuwa akienda kumpelekea mumewe chakula katika seli ya polisi. Nyumba ya Mzee Maundu iko njiani. Mumbua aliitia kifuani na kuondoka.