Waya Chini ya Zulia

Melania alipogeuza ufunguo, stata iliitika kwa nguvu, injini ikazunguka na kuzunguka, lakini haikuwaka. Akajaribu tena. Mara ya tatu alipiga usukani kwa kiganja mpaka honi ikalia na kuku wakatawanyika uani.

"Siyo leo tena, shetani wewe!"

Wateja wake, akina mama ntilie wa huko Bulyanhulu, walikuwa wakingoja mchele. Lakini si mchele uliomtia uchungu. Ni kwamba mwezi uliopita gari hilohilo, Probox nyeupe, lilimfanyia vivi hivi.

Alfajiri ile kaka yake Nkwabi alimpigia simu kutoka Tinde. "Mayu kazidiwa. Anakutaja. Njoo sasa hivi." Mayu ndivyo walivyomwita mama yao tangu utoto, kwa Kisukuma. Melania alitoka mbio na khanga aliyolala nayo, akageuza ufunguo, stata ikaita, gari likakaa kimya. Akampigia mumewe, Stanslaus, aliyekuwa Rwamgasa kwenye karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu. Stanslaus alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Itakuwa pampu ya mafuta imekufa. Achana na gari, tafuta usafiri mwingine."

Akatafuta. Bodaboda mpaka Kahama, kisha basi lililosimama kila penye mtu na gunia. Alipofika Tinde alikuta wanawake wameshatandika mikeka nje, na Nkwabi ameegemea ukuta. Mayu alikuwa amekata roho jua likianza kupata nguvu. Kwa gari angemkuta.

Msibani Stanslaus alileta ng'ombe. Alisimama mbele ya wazee, akashukuru watu kwa sauti ya majonzi, na wazee wakasema huyo si mkwe, ni mtoto wa kuzaa. Waliporudi nyumbani, Stanslaus akaingia kwenye gari na likawaka papo hapo. Fundi ameshaitengeneza pampu, alisema. Melania hakuuliza ni fundi gani. Alikuwa bado analia.

Sasa limegoma tena. Akampigia Stanslaus. Alikuwa njiani na pikipiki, anarudi kutoka Rwamgasa alikokwenda jana jioni.

"Liache hapo hapo, nikija nitaliangalia," Stanslaus alisema. "Usiite fundi. Watakuibia vifaa tu."

Safari hii Melania hakumsikiliza. Alimwita Ghati, binti wa Kikurya aliyekuwa fundi umeme wa magari kule stendi. Ghati alifika na begi lake mgongoni, akamwamkia, akasikiliza habari za pampu iliyokufa ikafufuka ikafa tena, akacheka kidogo.

"Pampu haifufuki, Mama Eunice. Ikifa imekufa. Tuanze na umeme wake."

Akatoa taa yake ya kupimia, kijitaa chenye ncha kama sindano na waya mrefu wenye kibano. Akafungua kisanduku cha fyuzi. Taa iliwaka huku, ikawaka na huku: fyuzi nzima. Akamwambia Melania apige stata, akaweka kidole juu ya rilei, kile kisanduku kidogo kinachoruhusu umeme kwenda kwenye pampu. "Inagonga, naisikia." Hata hivyo akaichomoa, akaweka ya honi inayofanana nayo. Gari halikuwaka. Akapima pale umeme unapotoka kwenye rilei, taa ikawaka vizuri.

"Mpaka hapa umeme upo."

Wakahamia nyuma. Waliinua kiti, Ghati akafungua kifuniko cha juu ya tanki, akachomoa soketi ya pampu. Melania akapiga stata. Taa haikuwaka. Ghati akapima waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, ukawa mzima. Kisha akavuta waya mrefu kutoka kwenye betri, akaugusisha kwenye pampu yenyewe, na kutoka ndani ya tanki ukasikika mlio mwembamba, kama nyuki kwenye chupa.

"Hiyo hapo. Pampu yako haina ugonjwa wowote. Umeme unatoka kule mbele, huku haufiki. Kuna mahali kati umekatika."

Melania alisikiliza mlio ule mpaka ulipokoma. Kama pampu haikufa, basi siku ile nayo haikufa. Alipiga magoti upande wa dereva, akashika ukingo wa zulia, akaanza kulivuta yeye mwenyewe, vumbi la njia za machimbo likimrukia usoni. Ghati alimwonyesha fungu la nyaya linalopita kizingitini kwenda nyuma. Melania akalifuata kwa vidole hadi karibu na kiti, akagusa kitu kigumu kilichozungushiwa utepe mweusi.

Ghati akafungua utepe. Waya wa pampu ulikuwa umekatwa kwa koleo, na kwenye ncha zake mbili zimeungwa nyaya nyingine nyekundu, ngeni kabisa, zilizopanda chini ya kiti cha dereva. Huko, kwenye chuma, ilibanwa swichi ndogo. Ghati akaibonyeza. "Piga stata."

Gari likawaka mara moja.

"Mwizi huyu?" Melania aliuliza, ingawa sauti yake ilikuwa imeshaanza kubadilika.

"Mwizi anaiba, hafungi swichi. Hii huwekwa na mwenye gari ili lisiibwe. Anaizima akishuka, anaiwasha akipanda." Ghati akamtazama. "Kwani baba Eunice hakukuonyesha?"

Melania alikuwa anausikia tena ule ukimya wa kwenye simu. Kumbe Stanslaus hakuwa mtu anayefikiri kuhusu pampu. Alikuwa mtu anayejua neno moja, "bonyeza chini ya kiti", akalimeza.

"Itoe," alisema. "Unga waya kama ulivyotoka kiwandani. Hiyo swichi nipe."

Stanslaus aliingia uani mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuta gari linanguruma, zulia limetupwa juu ya kichaka, na mkewe amekaa kwenye kigoda. Ghati alikuwa ameshaondoka. Melania akanyoosha mkono, swichi ikiwa kiganjani.

"Hiki ni nini?"

"Aa, hiyo ni ya wezi," Stanslaus alisema upesi. "Probox zinaibwa sana siku hizi. Nilitaka nikwambie."

"Ulitaka lini? Mayu alipokuwa anakata roho?"

"Mama Eunice, ngoja..."

"Singoji! Nilikupigia nikilia. Nilikwambia mama yangu anakufa. Ulijua swichi iko wapi. Ulijua!"

Majirani walianza kuchungulia juu ya ua wa minyaa. Stanslaus akaomba waingie ndani. Melania alisema hapana, yasemwe hapo hapo. Ndipo yakatoka, kipande kwa kipande. Wanaume wa Rwamgasa walikuwa wakimcheka: mkeo ndiye dereva siku hizi, anashinda Kahama, anashinda Tinde, unajua anampakia nani? Akaona akilizima gari siku mojamoja, mkewe atachoka na safari, atatulia nyumbani bila ugomvi.

"Na siku ile?"

"Siku ile nilisahau kuiwasha kabla ya kuondoka."

"Sikuulizi kusahau. Nakuuliza simu."

Stanslaus alitazama chini. "Niliona aibu. Ningekwambiaje kwamba nilikufungia gari? Nikadhani Mayu atakaa hata wiki. Nikadhani utawahi."

Melania akainuka kwenye kigoda. Laiti angesema alikuwa na mwanamke, laiti angesema alikuwa amelewa. Aibu! Mama wa watu kafa anaangalia mlango kwa sababu ya aibu ya mwanamume. Alitaka kumrushia ile swichi usoni, badala yake akafungua mlango wa gari.

"Panda. Tunakwenda Tinde. Utawaambia wale waliokuita mtoto."

"Mambo ya ndani hayatolewi nje."

"Mayu amezikwa nje. Panda, au niende niwaambie mimi."

Alipanda. Melania akaendesha. Kufika Tinde, Nkwabi aliwapokea kwa furaha, akaita watoto walete viti. Stanslaus hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, akimtazama shemeji yake mara moja tu na kukwepesha macho.

Nkwabi akavisukuma kando vile viti. Hatimaye akasema polepole, "Unajua Mayu alisema nini asubuhi ile? Nilimwambia ni mbali, labda Melania atachelewa. Akasema, hapana, Stanslaus ana gari, atamleta." Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Stanslaus alisimama pale uani kama mtu aliyenyeshewa na mvua. Akamgeukia mkewe, akasema, "Nisamehe." Melania akamwambia asilitumie hilo neno leo, atalichafua. Basi Stanslaus akaenda barabarani kwa miguu, na hakuna aliyemsindikiza.

Melania alibaki Tinde. Alikuwa akinunua mchele asubuhi, akiupeleka Kahama, jioni akirudi kulala kwa kaka yake. Wazee wa upande wa mume walikuja kusuluhisha, wakaja tena. Walimkumbusha kwamba hasira ni hasara. Yeye aliwapa chakula, akawasikiliza kwa adabu, akawajibu kwamba hasara ameshaipata, hasira ndiyo kwanza anaianza, na ikifika siku ya kwisha atawatumia ujumbe.