Ncha ya Kola

Mama Kola hakupewa jina hilo kwa mzaha. Miaka kumi na tisa kiwandani alishona kola za mashati tu, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yake. Wenzake waligeuza kola kwa kuisukuma ncha kwa mkasi. Yeye alipitisha uzi kwenye pembe, akauvuta taratibu, na ncha ikatoka imenyooka. Ufundi huo alimfundisha mtu mmoja tu, mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki na kumtafutia kazi hapo hapo. Sasa mdogo mtu alikuwa msimamizi wake. Haya, dunia ndivyo ilivyo.

Mtengenezaji filamu alipomjia nyumbani akitafuta mtu wa kusema ukweli kuhusu kampuni, Mama Kola alisita, kisha akamwaga mtama wote. Kibao kimoja cha ruhusa ya kwenda chooni kwa wanawake arobaini. Mlango wa dharura uliotiwa kufuli. Yule mjamzito aliyezimia juu ya cherehani, chini ya bango lililosema, "Hapa sisi ni familia."

"Uso wako tutautia giza," mtengenezaji filamu aliahidi. "Sauti tutaibadilisha. Hata mama yako mzazi asingekujua."

Na kweli alitimiza. Ila aliipenda mno mikono ya Mama Kola aliyoipiga picha ikishona kola pale nyumbani, akaionyesha.

Wiki moja baada ya filamu kuonyeshwa kwenye televisheni, meneja aliwakusanya wote bwaloni na kuiwasha ukutani. Ukaja uso gizani, na sauti nzito kama ya zimwi. Kisha ikaja mikono, karibu kabisa: uzi ukapita kwenye pembe ya kola, ukavutwa taratibu.

Meneja akaisimamisha picha hapo.

"Nani hushona hivi?"

Wanawake arobaini wakaangalia viatu vyao. Walijua, wangekosaje kujua? Lakini hakuna aliyefumbua mdomo, na Mungu awabariki kwa hilo.

Meneja akamgeukia msimamizi aliyesimama mbele. "Wewe. Nimekuona kwa macho yangu ukigeuza kola hivi."

Mama Kola alimwona mdogo wake akitetemeka, na woga wake mwenyewe ukamtoka wote. Mtoto huyu hana kosa, alijiambia. Akashika ukingo wa meza, akainuka, mdomo tayari u wazi.

"Si mimi!" msimamizi alisema upesi. "Ni dada yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Akanyoosha kidole nyuma bila hata kugeuza shingo.

Kufukuzwa Mama Kola alikuwa ameshakukubali alipoinuka. Kidole kile ndicho kilichomkata maini. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliishona kwa mkono wake mwenyewe.

Mdogo wake alimkimbilia getini, akamkuta ameshika mfuko wenye kandambili zake na mkasi.

"Ulitaka nifanyeje, dada? Wangenifukuza mimi. Nina watoto wadogo, unajua."

Mama Kola akautia mfuko kwapani.

"Ungegeuka tu, mdogo wangu," alisema. "Nilikuwa nimeshasimama."