Sale la Shemeji

Shemeji yangu Hezroni hajawahi kuniomba msamaha tangu niolewe kwenye ukoo huu. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomwona anapanda kuja kwangu mkononi ana kipande cha shina la sale, ule mmea wetu wa majani marefu, moyo ulinilipuka. Huku Ugweno mtu akikuletea sale anaomba radhi, na ukishalipokea huna ruhusa ya kukasirika tena. Sasa mimi alikuwa kanikosea nini?

"Shemeji Priska, pokea," alisema, hata hajakaa.

"Weka hapo kwenye kigoda. Mikono yangu ina unga."

Unga wapi! Nilikuwa sijagusa hata chungu.

Nyuma yake, na ramani iliyokunjwa kwapani, alikuwa Fanueli, yule msanifu majengo wa Same anayesifika kwa kuchora nyumba za asili. Mwezi uliopita alikuja kuupima msonge wangu huu wa nyasi alioujenga marehemu mume wangu, Simeoni. Alipima mlango, akapima nguzo, akapima hadi mafiga. Kila akipima anasema, "Mama, huu ni urithi." Mimi mtu akimsifia mbuzi wangu kupita kiasi, namtazama mkononi kama ana kisu. Hezroni akanituliza kwamba ni kumbukumbu tu, watoto wa shule waje waone. Kumbukumbu! Kwani nimekufa?

"Nionyesheni ramani kwanza," nilisema.

"Ya nini? Utaielewa wewe?" Hezroni akacheka kidogo, kicheko cha meno tu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji. Lete."

Fanueli akaikunjua mezani. Jamani, alikuwa ameuchora msonge wangu wenyewe! Paa lile lile, nguzo zile zile, mafiga mahali pake. Kitanda changu ndicho sikukiona. Pale kinapokaa paliandikwa MAPOKEZI, na upande wa mbuzi paliandikwa BAA. Njia yangu ya kuingilia ilipanuliwa ikawa barabara ya magari ya wageni.

"Na mimi nalala wapi?"

Fanueli alimgeukia Hezroni. "Mzee, si ulisema mama anahamia Mwanga kwa binti yake, na ameridhia?"

Kumbe nimeshahamishwa! Machozi ya hasira yakanitoka mbele yao. Nikaelewa na lile sale. Alitaka nimsamehe kwanza, kosa nilijue baadaye.

"Usipaze sauti, shemeji," Hezroni alisema haraka. "Sale limeshaingia ndani. Kulikataa ni mwiko, unajua."

"Nani kakataa?" Nikajifuta uso, nikalichukua kwa mikono miwili. "Nimekusamehe."

Akashusha pumzi. Mimi nikachukua jembe, nikatoka hadi katikati ya njia, pale pale walipochora barabara yao. Nikachimba, nikalisimika lile sale, nikashindilia udongo kwa kisigino. Sale halina makuu, kipande cha shina tu kinashika. Na huku kwetu likishasimama ardhini ni mpaka, anayeling'oa anaitafuta laana kwa mkono wake.

Hezroni alinyoosha mkono kuling'oa, akaurudisha haraka. Alilileta mwenyewe, atamlaumu nani?

Fanueli alikunja ramani yake taratibu. "Mama, mimi nilidanganywa. Nisamehe."

"Kalete sale na wewe," nilimwambia. "Upande wa bondeni bado uko wazi."