Korongo Lililofagiwa

"Kaka, korongo liko wapi?"

Nadhifu aliegemea ufagio wake. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata nyanya. "Korongo gani?"

"Korongo gani! Lile linalotaka kumeza jiko lako!"

Dada yake alisimama ukingoni mwa shamba akihema. Nyuma yake alikuwa bibi shamba wa serikali, binti wa miwani mwenye utepe wa kupimia mkononi. Kumpata binti huyo, dada mtu alikuwa amesugua benchi la ofisi ya kilimo tangu mavuno. Mkubwa yuko mkutanoni. Mkubwa yuko safarini. Mkubwa anakunywa chai. Mwishowe aliapa kwamba wakifunga ofisi watamfungia humo humo. Serikali ilikuwa na mawe, waya za kuyafungia na miche ya nyasi za kushika udongo, kwa yeyote ambaye shamba lake linaliwa na maji. Sharti lilikuwa moja tu: ofisa aone kwa macho yake.

Sasa, Nadhifu aliposikia mgeni wa serikali anakuja, alilitazama lile jeraha lililopasua shamba kutoka bondeni mpaka karibu na jiko, akaona haya. Mtu ambaye kuni zake zilipangwa kwa urefu! Alishinda jana nzima akilishindilia mabua ya mahindi sehemu ya juu, akatandaza udongo, akafagia. Kule bondeni alifunika kwa matawi. Kisha akachomeka maua.

"Hongera, mzee," bibi shamba alisema, akiukunja utepe. "Hili ni shamba la mfano. Ngoja niwawahi wenye shida."

"Ahsante, mwanangu. Karibu tena."

"Karibu tena?" Dada alimvuta pembeni kwa kola. "Masika yakija utapika wapi, kiganjani?"

"Usinifokee mbele ya mgeni."

"Mgeni mwenyewe anaondoka!"

Kweli alikuwa anaondoka. Nadhifu aliangalia jiko. Ukutani kulikuwa na ufa wa kuingiza ngumi, na asubuhi hiyo alikuwa ameuziba kwa kalenda. Jiko lile marehemu mkewe ndiye aliyelikandika, na alama za vidole vyake zilikuwa bado zimekaa kwenye udongo, juu kidogo ya kalenda.

Alifungua mdomo aseme ukweli. Mdomo ukagoma. Akajaribu tena, kikatoka kikohozi.

Basi akafanya kile alichokiweza. Aliweka ufagio chini, akaenda mpaka katikati ya maua, akaruka juu kwa nguvu zake zote.

Mabua yakalia kra! Vumbi likatimka. Lilipotulia, Nadhifu alikuwa amezama mpaka makwapani, ua moja limemkaa sikioni.

"Korongo," alisema kwa heshima zote, "ndilo hili."

Bibi shamba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mzee, umelifukia?"

"Nimelifagia kidogo."

"Alimfukia mgeni macho!" dada alidakia. "Mwanangu, usimsikilize. Pima, pima kabla hajalipaka rangi!"

Walimvuta, wakaanza kung'oa mabua. Udongo ulimwingia Nadhifu kwenye kola, jasho likachora ramani mgongoni. Mwanzoni alifanya kazi ameinamisha uso. Lakini kadiri mabua yalivyotoka, kina kilivyozidi kuonekana, na bibi shamba alivyozidi kusema "Aisee!", kitu kilianza kumpanda kifuani.

"Hapa bado," alisema. "Hapa ni mdogo wake."

"Likizidi kimo cha mtu," bibi shamba alisema, "mawe yanaanza kuletwa kwenu, kabla ya mvua."

"Mtu gani?" dada aliuliza haraka. "Kaka yangu mwenyewe ni mfupi, hilo litazamwe."

"Mfupi nani? Lete huo utepe!"

Nadhifu alinyakua ncha ya utepe, akashuka ndani ya korongo kuelekea bondeni, akisukuma matawi kwa mabega. Kwanza walimwona kuanzia kifuani. Halafu shingo. Halafu upara peke yake, uking'aa, ukisogea juu ya ardhi kama yai linalotembea. Halafu hapakuwa na kitu.

"Mzee?" bibi shamba aliita.

"Bado!" sauti ilijibu kutoka chini, nene, yenye majivuno.

Na utepe uliendelea kuteleza, taratibu, katikati ya vidole vya bibi shamba.