Njiti kwenye Kitufe cha Kijani

"Nani ameirudisha hii?"

Nkusi aliinua njiti ya kiberiti juu wote kiwandani waione. Jana aliitoa, juzi aliitoa, na leo ilikuwa pale pale, imekazwa ubavuni mwa kitufe cha kijani ili kibaki kimebonyea. Umeme wote wa mashine ile ya kukandia unga aliuchora yeye, waya kwa waya, tangu akiwa Dar es Salaam alikosomea. Na sasa kazi yake yote ilikuwa inashindwa na njiti!

"Ni mimi," alisema Verediane, mama yake Ineza, mwendeshaji wa mashine, bila hata kugeuka. "Kuran ya umeme inapotea kila saa, Injenieri. Ikirudia, mashini inakaa tu kama ng'ombe mugonjwa, mupaka mutu akuje kufinya. Na njiti, inaanza yenyewe."

"Ndiyo nisichotaka, ianze yenyewe! Umeme ukikatika unafanya nini, Mama Ineza?"

"Naondosha unga yenye imenata kwa chuma, mbele ya kukauka."

"Kwa mkono."

"Sasa kwa muguu?"

Wanawake waliokuwa wakiviringa mikate mezani walicheka. Nkusi hakucheka. Aliwaza lile kono la chuma la kukandia likizunguka ndani ya beseni, na mkono wa mama yule pembeni yake.

Haji Muhamadi, mwenye kiwanda, alifika akifuta jasho. "Bon, Injenieri, achana na njiti. Watu wa Goma wako kwa mulango, wanataka mikate."

"Nipe nusu siku tu, Haji. Nibadilishe waya."

"Apana. Mashini haisimame."

Sikio la kufa halisikii dawa, aliwaza Nkusi, akashika njia ya kwenda kwake mtaa wa Nengo akinung'unika peke yake. Huko nako umeme ulikatika akiwa mezani. Alikula gizani, akasinzia palepale kitini, na taa ndiyo iliyomwamsha: hakuizima, ili ajue umeme ukirudi. Hakuna mtu mjini aliyezima taa yake. Aliitazama ile balbu kwa hasira. Mji mzima uliungoja umeme hivyo, naye alikuwa amechora mashine ya mji mwingine.

Ijumaa, Haji alipokwenda msikitini na mashine ikazimwa kwa ajili ya swala, Nkusi alifungua kabati la umeme bila kuomba ruhusa. Aliongeza rilei moja, swichi ndogo inayoongozwa na umeme. Kuanzia hapo, umeme ukirudi, kitufe kilichobanwa kisingewasha kitu. Sharti kiachiwe kwanza, ndipo kibonyezwe upya. Aliijaribu mashine ikiwa tupu, akafunga kabati.

Haji na wafanyakazi waliporudi, Nkusi aliwasha mwenyewe kwa kidole. Hakuwa amefika mlangoni, Verediane akachomeka njiti. Safari hii Nkusi aliiacha.

Umeme ulikatika kabla ya alasiri. Verediane alifunua beseni, akazamisha mkono hadi begani.

"Toa mkono, mama!" Nkusi alipiga kelele. Alikuwa ameijaribu, ndiyo, lakini hofu haijui majaribio. "Nakuomba!"

"Ngoja, inakauka."

Taa ikawaka. Redio ya mlinzi getini ikaanza kuimba katikati ya wimbo. Mashine peke yake ilikaa kimya.

Verediane alitazama taa, akatazama kitufe na njiti yake, kisha akamgeukia Nkusi. Mkono ulikuwa bado ndani.

"Yampayinka!" aliapa kwa Kinyarwanda. "Injenieri, umeua mashini!"

Nkusi aliona mkono ule ni mzima. Aliketi juu ya gunia la unga.

"Haji! Kuja uone mutu yako alifanya nini!" Verediane aliuchomoa mkono kwa hasira. Ulitoka mweupe, umejaa donge hadi begani, na vidole vyote vitano vikamnyooshea Nkusi, vikidondosha unga sakafuni.