Utabiri wa Malachy Tuohy

Siku tatu kabla ya Krismasi, kabla jua halijachomoza sawasawa, Attracta Tuohy alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa mawe juu ya malisho ya Hanrahan, mfunzaji wa farasi, darubini ya mumewe shingoni, miguu imeloa hadi kwenye soksi. Chini yake farasi walipanda mteremko mmoja mmoja, wakipumua mvuke. Aliyekuwa akimngoja alikuja wa nne: Kengele ya Jumapili, dume la kahawia, refu, kifua kama mlango wa kanisa, fahari ya mji mzima wa Ballycorrin. Mpanda farasi alimwelekeza kwenye viunzi vitatu vya mazoezi, vya matawi yaliyofungwa pamoja. Aliviruka vyote vitatu bila kugusa tawi.

Lakini mara zote tatu, kabla ya kunyanyuka, alivuta kulia. Si sana, hatua moja na nusu tu.

Uwanja wa Knockmoyle, ambako mbio kubwa za siku ya Mtakatifu Stefano, siku moja baada ya Krismasi, hukimbiwa, unazunguka kwa mkono wa kushoto. Farasi anayevuta kulia kule hujiongezea safari kwenye kila kiunzi, na viunzi ni kumi na vinane, tena kwenye matope ya Desemba, tena na uzito mkubwa kuliko wenzake wote, aliopangiwa kwa kuwa ndiye mwenye sifa. Attracta akatoa penseli, akaandika kwenye daftari lake, akateremka kwenda kukanda keki.

Kazi hiyo aliianza miaka kumi na tisa nyuma. Malachy, mumewe, alikuwa mpanda farasi mwenye jina, hadi alipoangukiwa na farasi akavunjika nyonga. Gazeti la mji likampa safu ya utabiri wa mbio, na picha yake ndogo juu yake. Wiki ya kwanza alikuwa bado hospitalini, kwa hiyo Attracta akamwandikia. Wiki ya pili akasema kichwa kinamuuma. Baada ya hapo hakuna aliyesema chochote. Ikawa desturi ya nyumba, kama kuwasha jiko. Malachy hakuwa na subira ya kukaa na karatasi za matokeo. Yeye alikuwa na sauti, koti zuri, na namna ya kugonga kaunta ya baa kwa kidole kimoja akisema, "Nimemwangalia yule farasi machoni." Na kwa kuwa Attracta alikuwa hakosei mara nyingi, watu walimnunulia Malachy bia kwa miaka kumi na tisa.

Alasiri ile aliketi mezani, unga bado kwenye mikono ya sweta, akapiga taipu. Farasi kumi na mmoja. Aliandika kwamba Padri Mfupi ni mzee na anastahili kupumzishwa. Kwamba Moshi wa Limerick ana mbio lakini huogopa kiunzi chenye maji. Kwamba ndugu wawili wa zizi la Kildare hawajawahi kukimbia kwenye tope zito na mtu asipoteze hela yake kwao. Kengele ya Jumapili akamweka wa nne, na akaeleza kwa nini. Wa kwanza akamweka Binti Ukungu, jike la kijivu la Con Deegan, mkulima wa mabwawani aliyekuwa na farasi wawili tu na trekta bovu. Attracta alimwona jike huyo Novemba, kwenye mbio ndogo ambazo nusu ya watazamaji walikuwa wamekwenda kujikinga mvua. Alimaliza wa tatu, lakini ndiye pekee aliyekuwa bado anataka kukimbia. Aliandika: "Wengine watauliza mwisho uko wapi. Yeye atauliza kwa nini umefika mapema."

Malachy aliingia akijifuta sabuni ya kunyolea.

"Kengele umemweka wa kwanza, bila shaka."

"Wa nne."

"Wa ngapi?"

"Umesikia. Anavuta kulia, Malachy. Kamwangalie mwenyewe."

"Yesu na Maria! Mji mzima umeweka dau kwa Kengele. Daktari Prendergast ndiye mwenye farasi, na amenialika juu kwenye jukwaa lao, mimi na yeye na mwenyekiti wa uwanja, chakula cha mchana, bata mzinga. Nikae pale nile bata wake huku nimemwandikia farasi wake wa nne?"

"Basi usile."

"Nyinyi wanawake," alisema Malachy, akicheka kidogo, "mnafikiri gazeti linaliwa na farasi. Gazeti linasomwa na watu."

Alichukua kurasa, akazikunja mfukoni, akaondoka kuzipeleka kwa mhariri, kama alivyofanya kila wiki. Attracta akabaki na nakala ya kaboni, akaitia kwenye droo pamoja na zingine.

Gazeti lilitoka mkesha wa Krismasi. Alilifungua dukani, akiwa kwenye foleni ya siagi. KENGELE ITALIA, kiliandikwa kichwa cha habari kwa herufi nene. Kengele ya Jumapili wa kwanza. Binti Ukungu wa tisa, kwa mstari mmoja: "jike la mabwawani, tumtakie safari njema ya kurudi nyumbani." Na chini ya Kengele, neno kwa neno, sentensi ya Attracta kuhusu jike: "Wengine watauliza mwisho uko wapi. Yeye atauliza kwa nini umefika mapema." Alichoibiwa kilimuuma kuliko alichofutiwa.

"Umesoma?" Bridie Looby alimgusa kiwiko. Bridie alikuwa jirani yake, mjane, binti yake ameolewa Birmingham na amejifungua mwezi uliopita. "Nimekwenda asubuhi hii hii nikaweka pauni ishirini. Nauli yangu yote ya meli. Akishinda nakwenda kumwona mjukuu, na narudi na koti jipya."

"Bridie, mwenzangu, ishirini ni nyingi. Kachukue nusu."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo angesema. Watu sita walikuwa kwenye foleni, na muuza duka ameinua kichwa. Siri ilikuwa ya nyumba, ya miaka kumi na tisa.

"Farasi ni farasi," alisema. "Anaweza kuteleza."

"Wewe unajua nini kuhusu farasi, mama?" Bridie alicheka, akampiga begani kwa upendo. "Malachy amemwangalia machoni!"

 Usiku wa Krismasi Malachy alisema mara moja tu, akipasua lozi, "Jina ni langu," kana kwamba kuna mtu aliyeuliza.

Siku ya Mtakatifu Stefano mvua ilinyesha hadi saa nne. Malachy alipanda jukwaani na tai yake ya kijani. Attracta alibaki chini na watu wa kawaida. Hakuwa amewahi kuweka dau maishani mwake. Mama yake alikufa akiwaombea wacheza kamari. Lakini siku ile aliwapita wapokea dau waliosimama juu ya masanduku yao, akatoa noti ya pauni tano aliyoipata kwa kuuza mayai, na kumwambia wa mwisho kabisa mstarini, mtu mwenye kofia iliyoloa aitwaye Scanlon, "Binti Ukungu."

"Una hakika, Bi Tuohy? Mumeo anasema vingine."

"Nipe tiketi yangu."

"Kumi na nne kwa moja. Akishinda ni sabini, na tano zako juu. Haya, pesa zako mwenyewe."

Akaenda kusimama kwenye kiunzi cha tatu kutoka mwisho, kwa sababu pale ndipo farasi husema ukweli. Mzunguko wa kwanza Kengele aliongoza, na kelele za Ballycorrin zilitikisa vibao. Aliruka vizuri. Aliruka kulia vizuri. Attracta aliona nafasi ikifunguka ndani, upande wa uzio, kila kiunzi ikipanuka, na jike la kijivu likiingia humo polepole kama mtu anayepita mlango ulioachwa wazi. Mzunguko wa pili Kengele alikuwa akipumua kwa sauti. Kwenye kiunzi cha tatu kutoka mwisho alivuta kulia hatua tatu, akagonga matawi kwa kifua, akapiga magoti, akanyanyuka na mpanda farasi wake shingoni. Alikuwa mzima, lakini mbio zake zilikwisha. Alimaliza wa saba, akitembea. Binti Ukungu alishinda peke yake, matope hadi masikioni, na watu waliomshangilia wangeenea kwenye gari moja.

Attracta hakupiga kelele. Alitia mkono mfukoni, akaigusa tiketi. Kwa dakika moja, labda mbili, alikuwa na furaha tupu ya mtu aliyeona sawa. Hiyo ndiyo pekee aliyoipata.

Alipofika kwenye hema la baa alisikia sauti kabla hajaingia. Wanaume wa Ballycorrin walikuwa wamemzunguka Malachy.

"Ulituambia kwake mwisho ungefika mapema! Amefika kesho!"

"Kodi ya nyumba yangu, Malachy. Kodi ya nyumba!"

"Machoni ulimwangalia, au matakoni?"

Malachy alikuwa amepauka uso. Alitazama huku na huku, na Attracta, akiwa mlangoni, alimwona akitafuta pa kutokea, na akaona alipopapata.

"Jamani, nisikilizeni," alisema. "Sikutaka kusema, ni mambo ya nyumbani. Mimi niliandika Binti Ukungu wa kwanza. Naapa kwa kaburi la baba. Anayenipigia taipu ni mke wangu. Krismasi, mapishi, mambo mengi, umri nao... Alichanganya majina. Nimeliona gazeti limeshatoka, ningefanyaje? Nimwaibishe mama wa watu?"

 Kisha mtu akasema, "Maskini Malachy," na mwingine akaweka glasi mbele yake.

"Mwongo," alisema Attracta.

Waligeuka wote. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Sikuchanganya kitu. Niliandika jike wa kwanza, na yeye akabadilisha. Utabiri wote ni wangu. Miaka kumi na tisa ni mimi."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele.

"Sasa yeye ndiye mtabiri!"

"Bibi, rudi kwenye keki!"

Malachy hakucheka. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mume anayevumilia mengi. Ndipo Scanlon, aliyekuwa ameingia kujipasha moto, akasema bila nia mbaya yoyote, "Lakini jike alimjua kweli. Ameniwekea tano. Mtu pekee wa Ballycorrin. Na hajaja kuchukua zake bado."

Kicheko kilikatika. Attracta aliona nyuso zikihesabu. Mtu aliyepiga taipu. Majina yaliyobadilika. Tiketi ya kumi na nne kwa moja.

"Alibadilisha makusudi," alisema mwenye kodi ya nyumba, taratibu. "Atupeleke sote kwa Kengele, bei ya jike ipande, yeye achume."

"Hapana," alisema Attracta.

"Tiketi iko mfukoni mwako au haiko?"

Ilikuwa mfukoni. Mkono wake ulikuwa umeishika. Alimtazama mumewe. Neno moja lingetosha, na Malachy alikuwa na midomo ya kulisema. Akainua glasi, akanywa.

Jumatatu Attracta alikwenda kwa Bwana Gilsenan, mhariri, na nakala ya kaboni kwenye bahasha. Mhariri hakuifungua. Alitoa kurasa zenyewe kwenye droo yake: taipu ya Attracta, na juu yake mwandiko wa Malachy kwa wino wa buluu, mishale na mikwaruzo.

"Najua," alisema. "Nimejua tangu mwaka wa pili. Mumeo hawezi kuandika hata barua ya kuomba maji."

"Basi chapisha hivyo."

"Nichapishe nini, mama? Kwamba gazeti langu limewauzia watu uso wa mtu na maneno ya mwingine miaka kumi na tisa?" Alizirudisha kurasa kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. "Endelea kuandika. Nitahakikisha hagusi tena. Yatapita haya."

"Kwa jina la nani?"

Mhariri alitazama dirisha.

Attracta hakuandika tena. Ijumaa Malachy aliketi mbele ya mashine saa mbili, akapata sentensi moja, na hiyo ilikuwa ya hali ya hewa. Kufikia Februari safu ilipewa kijana kutoka Dublin, na kwenye baa Malachy alieleza jinsi mke anavyoweza kumharibia mtu kazi. Watu waliendelea kumnunulia bia, za huruma sasa. Attracta alipoingia dukani foleni ilinyamaza, na mtoto mmoja alimuuliza kwa sauti farasi gani atashinda Jumamosi, mama yake akamfinya.

Bridie hakumsalimia tangu siku ile. Jumapili moja ya mwanzo wa Kwaresima, Attracta alivuka barabara na kugonga mlango wake. Alikuwa na pauni sabini na tano, zote alizolipwa na Scanlon, kwenye mfuko wa sukari.

"Nauli yako," alisema. "Na inayozidi ni ya mtoto."

Bridie alitazama ndani ya mfuko muda mrefu. Uso wake ulilegea, macho yakamjaa machozi.

"Amekutuma yeye, siyo? Amekulazimisha uzirudishe." Alishika mfuko kwa mikono miwili. "Nilijua. Nilisema, Malachy hatakubali mjane aumie. Ana moyo yule mwanamume. Mwambie nimepokea. Mwambie Mungu ambariki."

Upepo ulikuwa unavuma mlangoni, na nyuma ya Bridie, juu ya meza, kulikuwa na picha ya mtoto mchanga iliyotoka Birmingham kwa posta.

"Nitamwambia," alisema Attracta, akavuka barabara kurudi kwake.